Gazi la Klima Haliishi, Linatoroka

Klima ya kwanza ya kupoza hewa ya gari niliyoishika maishani mwangu niliijaza upepo kwa pompi ya baiskeli. Naandika hili mwanzoni kabisa ili ninyi vijana mliobaki gerejini mcheke, mmalize, halafu tuendelee kwa utulivu. Mwenye gari alikuja akilalamika, "Rama, klima yangu imeisha upepo, haitoi baridi tena." Mimi, niliyezoea mipira ya pikipiki, nikasema moyoni: upepo ni upepo. Nikafungua kapo, kile kifuniko cha motere, nikapekua kwenye matiyo, yale mabomba ya ndani, mpaka nikaona kichwa cha valvu kinachofanana na cha tairi, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nikapampu mpaka shati likalowa. Tulipowasha motere, kompresa ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, na vile vitundu vya mbele vikatupulizia hewa ya moto kuliko ya nje. Mwenye gari akaniangalia. Nikamwambia tuipe muda.

Muda haukusaidia. Gari likapelekwa kwa Mzee Feruzi, fundi wa frigo pale karibu na soko la mji wetu wa Kasongo, mtu mnene na mpole, aliyeongea siku zote kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Nilimfuata kwa aibu. Aliibonyeza ile valvu, akausikiliza upepo ukitoka, akaunusa.

"Nani ameweka upepo humu?"

Nilitamani kusema simjui. "Ni mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

"Uliisha."

Alicheka bila sauti, tumbo tu likatikisika. "Mwanangu, humu hamukai upepo. Humu munakaa gazi. Na gazi haliishi, linatoroka. Ukikuta halimo, usiulize limekwisha lini. Uliza limepitia wapi. Kesho uje. Mutu mwenye mikono ya kupampu hivi haifai apotee bule."

Diploma yangu ya sekondari ni ya pedagojia. Nilifundishwa kuongea na watoto wa darasa la kwanza, si na kompresa. Niliingia gerejini kwa sababu gereji ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, na mimi ni mtu wa nyumbani. Kazi yoyote iliyoniruhusu kunywa chai ya saa nne kwenye kikombe changu mwenyewe ilinifaa. Wenzangu wa darasa walikwenda Kindu na Bukavu, wengine wakafuata dhahabu Salamabila. Mimi nilifuata kivuli cha ukuta wetu kadiri kilivyozunguka kiwanja. Nimetengeneza magari yaliyofika hadi ziwani, na mimi mwenyewe nikiketi ndani ya gari linalotembea, tumbo linapanda. Ndiyo, fundi wa magari anayetapika garini. Malizeni kucheka.

Siku ya kwanza kwa Mzee Feruzi sikupewa ufunguo hata mmoja. Aliwasha gari lililokuwa zima, akanifunga macho kwa kitambaa alichofutia mikono, akapeleka kidole changu kwenye tiyo moja nyembamba. Nikaruka, ilikuwa ya moto kama mpini wa sufuria. Akakipeleka kwenye tiyo nyingine, nene zaidi. Hiyo ilikuwa baridi, tena imelowa, inatoka jasho kama chupa iliyotolewa kwenye frigo.

"Ndani ya hizi mbili kuna gazi ngapi?" akaniuliza.

"Mbili, Mzee. Moja ya moto, moja ya baridi."

"Ni moja. Ni lilelile, linazunguka."

Nilivua kitambaa nikaziangalia zile tiyo. Zilikuwa zimekaa karibukaribu, zimejaa vumbi jekundu, hazina habari na mtu. Nimezishika tiyo za namna hiyo maisha yangu yote, na bado sijazizoea. Mzee alinieleza pale, kwa sauti yake ya chini, kwamba hakuna anayetengeneza baridi. Kuna joto tu, na kuna namna ya kulibeba. Gazi linaingia nyuma ya ile deshibodi likiwa limelegea na lina njaa, linakula joto la watu na la viti. Kompresa inalivuta na kulikamua mpaka linakuwa la moto. Linasukumwa kwenye kondensa, ile radiyatere nyembamba iliyo mbele kabisa, linatema joto lake kwenye hewa ya barabara, kisha linarudi tena ndani kula. Saa zote, bila kuchoka, ndani ya mfereji ambao haufunguki popote. Mimi nilidhani nimekuja kujifunza kukaza nati.

Vifaa vyake vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa kimeshawahi kufa mara moja. Pompi ya kuvuta hewa ilikuwa kompresa ya frigo lililokufa, aliyoigeuza ivute badala ya kusukuma. Manometre, zile saa za kupimia mkandamizo wa gazi, zilikuwa na kioo kilichopasuka: ya bluu kwa upande wa baridi, ya nyekundu kwa upande wa moto. Kwa kutafuta mahali gazi lilipotorokea alikuwa na sabuni ya kufulia, maji, na unyoya wa kuku. Lile povu alikuwa akilipaka kwenye kila kiungo taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta, halafu anasubiri. Kiungo kizima kinabaki na povu tulivu. Kinachovuja kinapuliza kipovu kimoja, kidogo kama jicho la panya. Niliwahi kumwona akimsubiri huyo panya mpaka adhana ya adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi, akaendelea kusubiri.

Subira ndiyo iliyonishinda. Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa gari la daktari mmoja. Nilikuwa nimebadili mpira wa kiungo, nikaivuta hewa, nikaweka gazi, baridi ikaja. Daktari akaondoka anatabasamu, akarudi kesho yake hatabasamu. Klima inatoa baridi kidogo, inakata, gari likipumzika inatoa tena. Wasaidizi wake walikwisha sema ni uchawi, na mimi nilikuwa tayari kukubali, maana uchawi ungenitoa lawamani.

"Uliivuta hewa kwa muda gani?" Mzee Feruzi akauliza.

"Mpaka chai ilipoisha."

"Chai yangu ao chai yako?"

Yangu huwa inaisha upesi.

"Basi mulibaki tone la maji," akasema. "Linazunguka pamoja na gazi. Likifika pale kwenye koo, pale gazi linapopita katundu kadogo na kupoa kabisa, linageuka barafu, linaziba njia. Likiyeyuka, njia inafunguka."

"Barafu? Hapa Kasongo? Saa sita ya mchana?"

"Barafu. Uko na yo ndani ya mutuka ya daktari, na nje unaloa jasho."

Hakunigombeza. Alichukua chupa nene ya kioo, akatia maji ya uvuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, akaizungushia wavu wa kamba ili ikipasuka isitukate, akaiunganisha na pompi yake. Ikaanza kuvuta. Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha mapovu madogo yakaanza kupanda kutoka chini, kisha makubwa, kisha maji yote yakachafuka na kuruka kama maji ya ugali. "Gusa," akasema. Nikagusa chupa kupitia matundu ya wavu. Ilikuwa ya uvuguvugu tu. Maji yanachemka, hakuna moto, na kiganja changu kiko pale. Nywele za mkono zilisimama. Nilikumbuka kwamba mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amechora jambo hilo ubaoni, nami nililinakili vizuri, nikapata alama nzuri, bila kuliamini hata kidogo.

"Ukiondoa hewa inayoyakandamiza, maji yanaondoka yenyewe," Mzee akasema. "Ndiyo maana tunavuta kwanza, tunavuta sana, ndiyo tunaweka gazi. Ukiona mutu anakunywa chai harakaharaka, usimupe klima."

Tangu siku hiyo nilijifunza kunywa chai. Kwa hiyo vijana, hata kama mna ile mashine mpya inayofanya yote kwa kitufe, msiikimbize. Vuteni hewa, fungeni valvu zote, mwangalie mshale wa manometre. Ukipanda wenyewe, kuna mlango wazi mahali. Rudini kwenye povu. Ukitulia, hapo ndipo gazi liingie, kwa upande wa bluu, motere ikiwa inazunguka, chupa imesimama wima, kidogokidogo. Upande mwekundu msiufungulie chupa motere ikizunguka, labda kama mmechoka na nyuso zenu. Na vaeni glovu. Mimi kidole changu cha shahada kiliguswa na gazi linalotoka, kikawa cheupe kama kimepakwa unga, kikauma kama kimeungua. Baridi inaunguza. Hilo nalo lilinishangaza kwa wiki nzima, huku nikila kwa kijiko.

Mzee Feruzi alipofariki, familia yake iliniletea zile manometre na ile kompresa ya frigo, zimefungwa ndani ya kanzu yake ya zamani. Nikaendelea na kazi palepale nyuma ya nyumba.

Jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mama Mwajuma, mwuza samaki wa kukausha wanaotoka Nyangwe. Ni mwanamke anayeongea kana kwamba kila mtu amelala chumba cha pili na inabidi aamke. Kaka yake alikufa akaacha binti, Aziza, na yeye kama shangazi akamchukua akamlea. Aziza alikuwa na pumu. Muuguzi alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamkataza vumbi na moshi. Dawa ilipatikana mara kwa mara. Kukwepa vumbi na moshi Kasongo, kuanzia mwezi wa sita watu wanapochoma majani, aliyetoa amri hiyo hakutueleza namna ya kuitii.

Siku moja ya kiangazi nilikuwa napima klima ya gari moja aina ya jipu, vioo vimefungwa, motere inanguruma. Mama Mwajuma akatokea amembeba Aziza mgongoni, mtoto mkubwa asiyefaa kubebwa tena, miguu inaning'inia. Nilisikia kifua cha mtoto kabla sijasikia salamu. Kilikuwa kinapiga filimbi.

"Baba Amisi, fungua hiyo mulango," akasema. Ananiita hivyo kwa jina la mwanangu wa kwanza.

"Mama Mwajuma, mutuka si yangu."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Iko sokoni."

"Basi haone. Fungua."

Nikafungua. Nikabonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili ya nje isiingie, nikapunguza baridi iwe ya wastani, nikahakikisha moshi wa eksozi unakwenda barabarani, nikaacha tundu dogo la kioo upande usio na vumbi. Aziza alikuwa amekwisha kuvuta dawa yake. Alikaa kwenye kiti cha mbele ameshika deshibodi kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka. Mimi nilisimama nje nikitazama kupitia kioo kama mtu anayetazama samaki. Taratibu yale mabega yakaanza kushuka bila kupanda sana. Kisha akaachia deshibodi. Kisha akaanza kuchezea redio.

Sijui niwaeleze vipi. Kazi yangu hadi siku ile ilikuwa kuwastarehesha watu wakubwa wasiloweshe kola. Sasa nikaona lile gazi lisilo na rangi, linalozunguka gizani ndani ya tiyo, lina mtoto wa mtu mkononi. Klima si dawa, muuguzi aliniambia wazi, na mimi nawaambia hivyohivyo. Lakini kuanzia mwaka ule, kila kiangazi, magari yaliyokwisha kupona kwangu yalihitaji kupimwa kwa muda mrefu kidogo. Wenye magari walinisifu kwa umakini wangu. Mmoja tu aliuliza kwa nini kiti chake kina ganda la karanga. Nikamwambia ni sehemu ya majaribio.

Aziza akakua, akasoma, akapata mchumba, mwalimu wa Kabambare. Mimi nilikuwa tayari nimetangaza kwamba napumzika. Ndipo Mama Mwajuma akaja, safari hii bila kelele, nikajua kuna jambo.

Mnajua desturi yetu. Bibi harusi anapelekwa kwa mume akiwa amefunikwa, vioo vya gari vimepandishwa, shangazi yake ubavuni, asionekane na mtu wa upande ule mpaka shangazi amkabidhi. Wengine siku hizi wanapanda pikipiki, ndiyo safari ya Kabambare ilivyo, lakini Aziza juu ya pikipiki katika vumbi lile asingefika. Masika barabara haipitiki kwa gari. Kwa hiyo ilibaki kiangazi na gari. Vioo vikifunguliwa, vumbi na moshi vitamkaba. Vikifungwa bila klima, joto litamkaba. Katikati palikuwa na jipu la zamani, tuliloazimwa na binamu yao mfanyabiashara wa Salamabila, ambalo klima yake ilikuwa imekufa siku nyingi.

"Nitaitengeneza," nikasema. "Itakuwa kazi yangu ya mwisho."

"Na utaingia ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya mutuka. Unaitengeneza, unaingia. Ikikufa njiani nitamwita nani, mbuzi?"

Nilimweleza habari ya tumbo langu. Nilimweleza kwamba sijalala kitanda cha watu tangu nioe. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akasema tunaondoka Alhamisi.

Lile jipu nililifungua kama mtu anayefungua jeraha. Ndani ya feni panya walikuwa wamejenga, na karanga wameweka akiba. Mafuta yaliyokauka kwenye kiungo kimoja yalinionyesha gazi lilipotorokea. Nikatia mpira mpya wa mviringo, nikabadili na kile kichujio kinachonyonya unyevu. Nikaipa kompresa mafuta yake. Nikavuta hewa kwa pompi ya Mzee Feruzi mpaka chai yake yeye, si yangu, ingekuwa imeisha. Mshale ukatulia. Nikaweka gazi polepole, mkono juu ya tiyo nene, nikisubiri ile dakika ambayo bado inanifanya ninyamaze: chuma kinachokuwa cha uvuguvugu, kisha si cha uvuguvugu, kisha kinaanza kutoka jasho. Ikabaki chupa moja ya gazi. Nikaifunga pamoja na manometre, nikaagana na mke wangu kama ninakwenda Hija.

Dereva alikuwa Shabani, kijana mwenye mdomo. Tulipopita nyumba za mwisho akanichungulia. "Mzee, hata Kasongo haijaisha na wewe uko umefumba macho?"

"Naomba dua ya safari."

"Na hiyo ndimu unanusa, ni sehemu ya dua?"

Nyuma, chini ya kitambaa chake, Aziza alicheka. Kicheko kilikuwa safi, hakina filimbi. Nje vumbi lilikuwa limesimama kama ukuta, ndani palikuwa na ubaridi wa alfajiri. Nilifungua jicho moja nikaangalia vile vitundu vya mbele nikaona fahari, jambo ambalo si zuri kwa mtu mwenye tumbo kama langu.

Tulikuwa tumekwenda mbali tulipofika mahali watu wanachoma mashamba pande zote mbili. Moshi ulifunga barabara. Shabani akapenya polepole, majivu na nyuzi za majani makavu zikiturukia. Tulipotoka upande wa pili na kuanza kuteremka kuelekea mto, nilisikia kompresa ikijikata. Tak. Ikashika tena. Tak. Ile hewa ya mbele ikawa ya kawaida, kisha ya moto. Halafu kwenye kiti cha nyuma kifua kikaanza kupiga filimbi.

"Baba Amisi," Mama Mwajuma akasema. Mara hii hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Tulisimama karibu na daraja la miti. Wanawake wa Kibangubangu, wenyeji wa pale, walikuwa wakiloweka mihogo mtoni. Moshi ulikuwa umetufuata, unashuka bondeni nyuma yetu. Aziza alivuta dawa yake, akasubiri, akavuta tena kama alivyofundishwa, na bado kila pumzi ilikuwa inapatikana kwa kuvutana. Mama Mwajuma alifungua mlango nusu, akawaita wale wanawake. Sikusikia aliwaambia nini. Niliona tu wakipanda mbio, wakifungua vitenge vyao vya pili, wakivilowesha na kuvishika juu, mmoja karibu na mwingine, wakauzungushia mlango wa gari ukuta wa nguo mbichi. Bibi harusi asionekane, na moshi nao usimfikie, yote kwa nguo moja. Hawakumjua ni nani. Hawakuuliza.

Mimi nilikuwa nimekwisha fungua kapo, na chupa ya gazi mkononi.

"Ongeza, Mzee!" Shabani akapiga kelele. "Imetoroka! Ongeza!"

Na mikono yangu ilitaka kuongeza. Maisha yangu yote nilikuwa nimehubiri kwamba gazi linatoroka. Sasa limetoroka, na chupa iko hapa, na mtoto anakabwa. Nilikuwa nimeshashika tiyo ya bluu. Sijui ni nini kilichonifanya niunganishe manometre zote mbili kwanza na kusema, "Washa motere, nione." Nadhani ni mazoea tu, si akili. Akawasha.

Mshale mwekundu ulipanda mpaka mahali ambapo sikuwahi kuuona. Tak, kompresa ikajikata, kujiokoa.

Nikaweka chupa chini kama mtu anayeweka yai. Ningeongeza gazi, tiyo ingepasuka usoni mwangu na safari ingeishia pale. Gazi halikutoroka. Lote lilikuwa ndani, hata tone halikupotea. Lilikuwa limebeba joto kutoka kwa Aziza, likalileta hadi mbele kama kila siku, na likakuta mlango umefungwa. Niliinama kuangalia kondensa. Haikuonekana. Ilikuwa imevaa blanketi la majivu, nyuzi za majani, mbegu na panzi waliokaangwa.

"Maji!" nikasema. "Leteni maji!"

Wawili kati ya wale wanawake wakakimbia na mabeseni. Nilimwaga taratibu, kutoka upande wa ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotoka, bila kusukuma sana, maana yale mapezi ya bati yanakunjika kama karatasi. Maji meusi yalitiririka. Beseni jingine. Meusi. Jingine. Ya kijivu. Mama mmoja mzee, ambaye sijui hata jina lake, alichutama karibu yangu akang'oa mbegu moja moja kwa kucha, kama anayechambua mchele. Nyuma ya nguo mbichi sauti ya Mama Mwajuma ilikuwa inasema jambo lilelile, pole pole, tena na tena: "Toa nje, mwanangu. Kwanza toa nje. Hewa itaingia yenyewe."

Nilipoona mwanga ukipita katikati ya mapezi nikamwambia Shabani awashe. Kompresa ikashika. Nilisubiri ile tak. Haikuja. Mshale mwekundu ukapanda, ukasita, ukaanza kushuka, mpaka ukakaa mahali pake. Nikaweka kiganja juu ya tiyo nene. Ya uvuguvugu. Ya uvuguvugu. Kisha si ya uvuguvugu. Kisha ikatoka jasho mkononi mwangu, pale kando ya mto, moto ukiwa mlimani, na nikajikuta nasema Alhamdulillahi kwa kipande cha chuma.

"Fungeni milango!" nikapiga kelele. Wanawake wakashusha vitenge vyao. Mama mzee akanipa kisogo akarudi kwenye mihogo yake, kana kwamba kila siku anasafishia watu klima.

Hatukuondoka mara moja. Tulikaa ndani, vioo vimefungwa, tukisikiliza. Kwanza filimbi ilikuwa na nguvu kuliko feni. Baadaye zikalingana. Baadaye feni ikabaki peke yake. Aziza akauliza chini ya kitambaa kama hina yake imeharibika, na Shabani akaegemeza kichwa kwenye usukani, hana mzaha hata mmoja.

Mimi, kwa upande wangu, nilianza kuongea, na sikunyamaza mpaka Kabambare. Hata kutapika nilisahau. Nilimweleza Mama Mwajuma kila kitu: kwamba baridi haipo, kuna joto linalobebwa; kwamba gazi lilikuwa limefanya kazi yake yote na sisi ndio tuliofunga mlango; kwamba ni gazi lilelile lililotoka Kasongo, linazunguka pale mbele ya magoti yake; kwamba maji yanaweza kuchemka bila moto, nimeyagusa mwenyewe. Bado nilikuwa naongea jipu liliposimama mbele ya nyumba ya mwalimu, vigelegele vimeanza, na Aziza akateremka kwa miguu yake mwenyewe, amefunikwa, akashikana mkono na shangazi yake, akasimama akavuta pumzi ndefu ya hewa ya jioni, kimya, bila sauti yoyote kifuani. Nikateremka nyuma yao nikiendelea, nimefika kwenye habari za kondensa kwa mara ya pili, na Mama Mwajuma akageuka, macho yake yamelowa, akaniambia mbele ya wakwe:

"Baba Amisi, mutoto iko anapumua. Sasa nyamaza, na wewe upumue."